Miti Sita ya Mpera

Siku ile jikoni tulikuwa watu sita. Alikuwepo Madam Prinsipo, mkuu wa shule, ambaye hakuwa na desturi ya kuingia jikoni. Alikuwepo Mwalimu Akinyi wa michezo, amesimama mlangoni na filimbi shingoni. Alikuwepo Mama Zaituni, mpishi wetu, na mwiko wa ugali mkononi. Alikuwepo Kwamboka wa kidato cha nne, nahodha wa timu ya mpira wa magongo. Alikuwepo Mzee Ondieki wa Mosocho, aliyekuja kutuletea mipini ya majembe akajikuta katikati ya kesi. Wa sita nilikuwa mimi, Kemunto, mtunza stoo ya michezo, na kesi ilikuwa yangu.

Mezani palilazwa magongo kumi na moja ya faiba ya kiwandani, mapya, mengine bado yana karatasi za dukani kwenye mshiko. Yalikuwa yamepinda kama ndizi. Rangi ilikuwa imetoka malengelenge.

"Nani aliyaweka juu ya moto?" Madam aliuliza.

"Ni mimi," nikasema.

Wenzangu mnaobaki kazini, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, kwa sababu hotuba ya kuniaga ilikuwa fupi na mvua ilituondoa uwanjani kabla ya soda kuisha. Nitaandika. Ila nimeona nianze na siku ile, msije mkasikia kwa watu wengine wakaongeza chumvi. Sasa nirudi nyuma.

Nilikuja shuleni hapa Nyamira nikiwa na miaka kumi na saba. Nyumbani tulikuwa watoto watano, mimi kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi nikatoka kidato cha kwanza muhula wa pili nikaenda kuchuma chai. Sikulia sana. Kulikuwa na wadogo wanne na mmoja wao alikuwa bado hawezi kufunga kamba za viatu. Niliposikia shule ya wasichana inatafuta mtu wa kufyeka, nilikuja na slasha yangu mwenyewe, nimeinoa pande zote mbili. Nadhani waliniandika kwa sababu waliiogopa.

Siku ya kwanza nilipewa uwanja wa magongo. Nyasi zilinifika magotini. Nilipofika karibu na goli slasha iligonga kitu kigumu, nikadhani ni jiwe. Kilikuwa kichwa cha gongo, kimevunjika shingoni. Nilikipeleka stoo na huko nikakuta mengine tisa, yamefungwa waya, yamefungwa matambara, moja limepigwa misumari mitatu. Sikujua mchezo wenyewe unachezwaje. Lakini nilijua mpini uliofungwa vibaya ninapouona, maana nilikuwa nimelima na mibovu yote ya kwetu.

Mwaka wangu wa tatu alikuja Mwalimu Akinyi, kutoka upande wa ziwa, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliyaangalia yale magongo, akanigeukia mimi niliyekuwa napita na toroli.

"Dada, huku kwenu hakuna fundi wa magongo?"

"Kuna fundi wa mipini."

"Kuna tofauti?"

Swali hilo lilinilisha kwa miaka thelathini.

Nilianza peke yangu, kwa kiburi. Nilipata ubao mzuri wa mkaratusi, nikachora gongo juu yake kwa mkaa, nikakata kwa msumeno nikifuata mstari. Lilitoka zuri kama la dukani. Siku ya soko nikalibeba hadi Daraja Mbili kumwonyesha Mzee Ondieki, aliyekuwa akiuza mipini na fimbo za wazee kando ya wauza ndizi. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaligeuza, akaligonga kwenye jiwe mara moja tu. Kichwa kiliruka hadi kwenye ndizi za watu.

"Ee mama, unatupiga?" muuza ndizi akaniuliza.

Mzee hakucheka. Aliniita nichuchumae, akanionyesha palipovunjika. "Angalia nyuzi za mti. Zinakwenda moja kwa moja. Wewe umetaka gongo lipinde, lakini nyuzi hukuzipinda. Umezikata." Kisha akachukua fimbo moja ya mzee, yenye kichwa kilichokunjamana, akanishika kidole kifuate mishipa yake. Nyuzi zilikwenda, zikafika kwenye kona, zikageuka pamoja na kona.

"Umeipindaje?" nikauliza.

"Sikuipinda. Imeota hivyo."

Nilimfuata Mosocho wiki hiyo hiyo. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mipera, na kila mpera mchanga ulikuwa umeinamishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, mwingine kwenye kigingi, mwingine kwenye ndugu yake. Mti unafungwa ukiwa mnene kama kidole gumba. Kila mvua inapoanza unalegeza kamba kidogo, usije ukaunyonga. Baada ya miaka mitatu, minne, unakata kitu ambacho tayari ni mpini wa tezo, au fimbo, au, kama nilivyomwonyesha kwa mkaa chini, gongo. Halafu huchongi bado. Unaupandisha kwenye uchaga, juu ya moto wa jikoni, unakaa huko kwenye moshi hadi uwe mkavu na mweusi. Moshi unafukuza wadudu, na joto linatoa maji polepole. Mke wake alikuwa anapikia chini ya kazi ya mumewe kila siku.

Hapo ndipo nilipojifunza ufundi. Wanawake waliokuwa wakipita walisimama kunitazama nikishika tezo. Mmoja akauliza kama nimekosa mume wa kunichongea. Mzee akamjibu, "Huyu akimpata, atamchonga naye." Nilikuwa na wadogo wanne, sikuwa na nafasi ya kukasirika.

Niliporudi shuleni nilimwomba Mama Zaituni anipe nafasi juu ya jiko kubwa. Yeye ni wa Kisii mjini, ukoo wao wote ni wafanyabiashara, na hakutoa kitu bure. Alitaka ndoo zake ziwekewe vishikio vya mti. Niliweka, nikajenga uchaga. Tangu hapo kila kitu cha mti katika shule hii kilipita juu ya maharage yake. Alinipa pia masalio ya mafuta ya kupikia ya kupaka magongo, ndiyo maana mazoezini mbwa walitufuata.

Gongo la mpera ni zito kidogo kichwani. Upande wa kushoto linachongwa bapa, wa kulia mviringo, na shingo haiguswi na msumeno hata kidogo, ni tupa na msasa tu. Uwanja wetu una mabonde, mpira unakuja ukiruka kama panzi. Kwenye mpera unakufa. Unasikia "tup", umetulia. Wasichana waliokuja hapa hawajawahi kushika chochote isipokuwa jembe walijifunza kwa magongo hayo, na hakuna aliyerudishwa kwa sababu hana la kwake. Hilo nalitaja bila aibu.

Mishahara na vyeo siandiki. Wadogo zangu walisoma, wote wanne, na yule wa kamba za viatu leo ni muuguzi.

Kisha wasichana waliomaliza zamani, walioko Nairobi, wakatutumia faiba, magongo kumi na sita katika maboksi. Tuliyafungua uwanjani. Yalikuwa mepesi kama mwanzi, yana rangi, yananukia gari jipya. Kwamboka alichukua moja, akaupiga mpira mara moja. Ulivuka uwanja, ukavuka ua, ukaingia kwenye chai ya jirani. Wasichana wakapiga kelele.

"Anti Kemunto, umeona?" Kwamboka akaniambia.

Nilikuwa nimeona. Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi ya kubeba maji miaka yote, akaona bomba linapita.

Lazima niwaambie kidogo kuhusu Kwamboka, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalikuwa ni yake. Alikuwa kifungua mimba, hana baba wala mama, na nyuma yake walikuwa watatu. Unaona kwa nini nilikuwa namtazama. Mwalimu Akinyi alikuwa amempata mwalimu wa chuo kimoja anayetafuta wachezaji wa magongo, ambaye angekuja Kisii kuangalia mechi ya Ijumaa. Akimpenda Kwamboka, angempa nafasi ya kusoma. Asipomwona Ijumaa hiyo, hapakuwa na siku nyingine, maana muhula uliofuata ni mitihani. Mechi iliwekwa Ijumaa kwa kuwa nusu ya timu Jumamosi wako kanisani.

Madam Prinsipo, aliyekuwa mgeni bado, akaamuru magongo ya mti yaondolewe stoo. Alisema yanatuaibisha. Mimi mwenyewe niliyabeba hadi jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kuni zote zilikuwa zimelowa.

"Leta, dada," Mama Zaituni akasema. "Mungu amesikia macho yangu yanavyolia kwa moshi."

Na faiba? Mwalimu Akinyi alikuwa ameniambia, "Yaweke mahali pakavu." Stoo yetu ina ukungu hadi kwenye mipira. Yeye alibaki na matano kwa mazoezi, nami nikachukua kumi na moja. Katika akili yangu, shule nzima ilikuwa na mahali pamoja pakavu. Nilipanda ngazi Jumapili jioni nikayapanga kwenye uchaga, kwa upole, moja moja, kama mtu anayelaza watoto.

Jumatatu asubuhi Mama Zaituni aliwasha jiko kwa magongo ya mpera. Mti uliokaa kwenye moshi miaka hauungui kama kuni. Unawaka kama petroli. Uchaga ambao siku zote ulikuwa na joto la jua la asubuhi tu, siku hiyo ulikuwa tanuri. Kwa hiyo niwaeleze vizuri, wasije wakawasimulia vingine: magongo yangu ya zamani ndiyo yaliyoyaunguza mapya. Sikukusudia. Lakini nikisema sikuona haki kidogo ndani yake, nitakuwa mwongo.

Haki hiyo ilidumu hadi nilipomwona Kwamboka ameingia jikoni.

"Mimi nilishangaa," Mama Zaituni alikuwa akimwambia Madam. "Maharage yameiva kabla ya saa nne! Nikasema leo kuna baraka."

"Mama Zaituni, nyamaza," Mwalimu Akinyi akasema. Akaokota gongo moja, akalikunja, likabaki limekunjika. "Nyasaye wangu," akamwita Mungu kwa lugha ya kwao.

Madam akanitazama. "Kemunto, unajua hii ni zawadi ya watu?"

"Najua, Madam."

"Nikuandikie barua ya kufutwa kazi leo au kesho?"

Nilisema leo. Sikuwa najitia ujasiri. Niliona tu kwamba kosa likiwa la asubuhi, jioni linakuwa kubwa zaidi.

Hapo Kwamboka akasema, bila kumtazama mtu, "Madam, mwandikie Jumamosi. Ijumaa tunahitaji magongo sita zaidi ya yale matano, na ni yeye peke yake anayeyajua."

Kisha Mzee Ondieki, aliyekuwa amekaa juu ya mipini yake karibu na gunia la mahindi, akaniuliza kwa Ekegusii wanataka mangapi. Nikamwambia sita. Akahesabu kwa vidole, akasema nyumbani kwake, juu ya moto wa mke wake, iko miti sita minene, ya mipini ya tezo, mikavu tangu mwaka juzi. Ameahidi watu.

"Nitawalipa hao watu," Madam akasema nilipomfasiria.

Mzee akatikisa kichwa. "Mwambie pesa haioti mpera. Kemunto atanirudishia mti kwa mti. Atafunga sita shambani kwangu, na ataniletea sita iliyokomaa."

"Hiyo ni miaka minne," Madam akasema.

"Nina miaka sabini. Minne ni nini?"

Tulifanya kazi Jumanne, Jumatano, Alhamisi, nje ya stoo, kila siku kuanzia kengele ya michezo hadi giza. Mimi tezo na tupa, Mzee randa, Mwalimu Akinyi akishikilia, wasichana msasa. Kwamboka alikuwa na mkono mzito, akapitisha msasa kwenye shingo hadi nikamnyang'anya.

"Unaniona mimi naenda kuvunja?" akaniuliza.

"Naona unaogopa. Piga msasa kichwani, shingo niachie."

Akapiga. Baada ya muda akaniuliza niliacha shule kidato gani. Nikamwambia. Akauliza kama nilijuta. Nikamwambia nilijuta kila Januari, nilipokuwa nikiwapeleka wengine. Kasi ya msasa ilibadilika.

Ijumaa, uwanjani Kisii, refa alipitisha kila gongo kwenye pete yake ya chuma. Lisilopita, halichezi. Matano ya faiba yalipita kama maji. Matano ya mpera yalipita. La sita likakwama kisigino. Refa akaangalia saa. Nilikuwa na kipande cha chupa mfukoni, kimefungwa kitambaa. Nilikaa chini nikakwangua mbele ya watu wote, nao wa timu nyingine wakicheka. "Huyo mama anamenya viazi!" mmoja akasema. Nikalitia kwenye pete mara ya pili. Likapita.

Mwalimu Akinyi aligawa. Mpera kwa walinzi, faiba kwa washambuliaji. Mimi nilikuwa nimeliandaa moja kwa ajili ya Kwamboka, lililonyooka kuliko yote, mshiko nimeufunga tyubu ya baiskeli. Alilishika, akalipima, kisha akanirudishia.

"Anti, usikasirike. Leo nataka la faiba. Nikipiga kutoka nyuma nataka mpira ufike."

Nilikasirika. Kwa dakika kama tano. Kisha kipindi cha kwanza akaupiga mpira kutoka nusu ya uwanja, ukatua kwenye gongo la mwenzake kama umetumwa, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Hakuna mpera uliowahi kupiga hivyo. Wenzangu, msiruhusu mtu awaambie uongo kuhusu hili kwa sababu ya mapenzi ya zamani.

Tulifungwa bao moja kwa bila. Sijui kwa nini watu hudhani hadithi kama hii lazima ishinde. Baada ya mechi yule mwalimu wa chuo alimwita Kwamboka kando, mimi nikiwa nakusanya vifaa kwa ukaribu ambao haukuwa wa bahati.

"Faiba inarusha mpira," alimwambia. "Wenzako wote wanaoitumia mpira unawaponyoka. Wewe unautuliza. Nani alikufundisha?"

Kwamboka akanitafuta kwa macho. "Nilijifunzia la mti," akasema. "Yule ndiye aliyelichonga."

Mwanamume huyo akanipa mkono. Ulikuwa na harufu ya mafuta ya kupikia alipourudisha, nadhani alishangaa njia nzima.

Kwamboka alienda chuo. Anafundisha sasa, hapa hapa Nyamira, na Januari huwa ananipigia simu. Madam hakuandika ile barua. Aliniita ofisini akaniambia magongo ya mti yarudi stoo kwa ajili ya wanaoanza, na yeye mwenyewe akaja jioni moja na viatu vya ofisi kujaribu lile lililokwama kwenye pete. Alikosa mpira mara tatu. Mara ya nne akaupata, akarudi kila Jumatano.

Kwa hiyo ninyi mlioko stoo, hivi ndivyo ilivyo. Anayeanza, mpe mpera, mikono ijifunze kupokea. Mechi, mpe faiba. La mti likitaka kuvunjika linakuonyesha mstari, unalipaka gundi, unalifunga, linacheza muhula mwingine. La faiba halikuonyeshi. Ligongeni kwa kifundo cha kidole kutoka juu hadi chini, kila wiki, mkiwa kimya. Likilia kavu, ni zima. Likilia kama mlango wa kabati, ndani limekufa, litoe. Usilikwangue bila kufunga pua na mikono, vumbi lake linawasha siku tatu. Usiliache kwenye jua la dirishani. Na kuhusu moto nadhani nimesema vya kutosha.

Imebaki ile miti.

Nilifunga sita Mosocho mwezi ule ule. Mitano ilikomaa, nikaikata, nikaikausha, nikampelekea Mzee, akaipokea mmoja mmoja na kuikagua kama hakimu. Wa sita ulikomaa pia. Lakini mwaka huo alikuja msichana mrefu kuliko magongo yote, na mti ule ulikuwa mrefu. Nikamwomba Mzee. Akasema chukua, funga mwingine. Nikafunga. Ulipokomaa akatokea wa mkono wa kushoto, mkaidi, hashiki sawa mpaka apate la wembamba wake. Mzee akasema chukua, funga mwingine. Imekuwa hivyo mara nne. Kila mti wa sita una jina la msichana.

Nilipostaafu nilikwenda kumwona. Siku hizi hachongi, macho yamepungua, na anatembea akishika ukuta. Fimbo zake zote aliuza Daraja Mbili, hakujibakizia hata moja. Nilimshika mkono tukaenda nyuma ya nyumba. Akaupapasa mpera wa sita, akafuata kona yake kwa kidole, akalegeza kamba ya mgomba mwenyewe, kidogo tu, inavyotakiwa.

"Huu," akasema, "ni fimbo yangu. Usimpe msichana."

"Sitampa, Mzee."

"Ulisema hivyo na ule mwingine."

Mti ule unahitaji mvua mbili bado. Nimefunga mingine kumi na miwili kwenye kipande changu hapa nyumbani, kwa ajili yenu, na mtakuja kuikata mkipenda. Akija msichana asiye na gongo, mtafutieni huko. Ule wa Mosocho msiuulizie. Ni wa watu, na bado sijaulipa.